Kujiamini Huanza kwa Mali Kauli

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa mandir, Kigoma, jioni ya maadhimisho)



Kamati ilitutaka tuseme na vijana juu ya kujiamini, na namna mtu anavyoweza kulifikia jambo kubwa alilojiwekea. Tulikubali upesi, kisha tukajuta. Sisi ni watu wa duka. Elimu yetu iliishia kidato cha nne, na vitabu tulivyovisoma zaidi maishani ni madaftari ya madeni. Tulipoketi kuandika, tuliona kwamba mengi yasemwayo juu ya kujiamini hayalingani na tuliyoyashuhudia kwa miaka sitini na kidogo kando ya ziwa hili. Kijana huambiwa: jiamini tu, utafika. Naye husimama mbele ya kioo akajihakikishia kwamba anaweza. Hatujapata kumwona mtu aliyefika kwa njia hiyo peke yake. Wale tuliowaona wakifika walianza na imani ya kukopa.

Wafanyabiashara mliopo hapa mnaijua mali kauli. Mtu huja dukani hana fedha wala rehani. Huchukua magunia mawili ya sukari au bando la mabati kwa ahadi ya mdomo tu. Mwenye duka haioni fedha. Anamwona mtu. Kwa Kigujarati kujiamini huitwa atmavishwas: atma ni nafsi, na vishwas ni imani. Vishwas hiyo hiyo ndiyo iliyotajwa nyumbani kwetu baba alipoeleza kwa nini fulani amepewa bidhaa bila karatasi. Hivyo tangu utotoni tulizoea kuiona imani kama kitu kinachotoka mkononi mwa mtu mmoja kwenda mkononi mwa mwingine, kina tarehe ya kuchukuliwa, na kinasubiri kulipwa.

Mfano tutakaoutumia leo mnaufahamu, maana uko kilomita chache tu kaskazini mwa gati la Kibirizi. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tulizaliwa mwaka 1960, mwaka ambao binti mmoja wa Kiingereza alishuka kwenye boti pwani ya Gombe. Tumekuwa rika moja na kazi yake maisha yetu yote. Pili, tunadhani mfano huu husimuliwa vibaya.

Jane Goodall alizaliwa London mwaka 1934. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi alisema ataishi Afrika pamoja na wanyama na kuandika vitabu juu yao. Fikirini ilikuwa miaka gani: vita vya dunia, familia haina fedha, na mtoto mwenyewe ni wa kike. Watu walimcheka. Mama yake, Vanne, hakucheka. Alimwambia kwamba akilitaka jambo hilo kweli, itambidi afanye kazi kwa bidii na asiiache nafasi ikipita. Angalieni vizuri, enyi wazazi, mama yule alichompa. Hakumpa nauli, kwa sababu hakuwa nayo. Hakumpa chuo kikuu, kwa sababu hakukimudu; binti alisomea ukatibu mahsusi, kama mabinti wengi wa wakati ule. Alimpa mali kauli.

Barua ya rafiki yake wa shule, iliyomkaribisha Kenya, ilimkuta akiwa tayari kuitumia nafasi. Aliacha kazi ya London, akarudi nyumbani Bournemouth kufanya kazi ya kuhudumia wateja mezani, akaweka akiba mpaka nauli ya meli ikatimia. Mwaka 1957, akiwa na miaka 23, alifika Kenya, akakutana na Dakta Louis Leakey wa makumbusho ya Nairobi, akawa katibu wake. Leakey alikuwa akitafuta mtu wa kwenda kuwachunguza sokwe wa Ziwa Tanganyika. Angeweza kumtafuta mwenye shahada. Alimchagua katibu wake asiye na shahada hata moja, akaenda kuwaomba fedha watu waliomwona yeye Leakey kuwa amerukwa na akili. Huo ukawa mkopo wa pili.

Wakubwa wa serikali ya Tanganyika walikataa msichana akae porini peke yake. Ilibidi awe na mwenzake. Nani akakubali? Mama yake. Vanne alifunga mizigo akaja Kigoma. Walipofika, mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kuikimbia ghasia ya Kongo, iliyokuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, na mama na binti waliwasaidia wenyeji kuwatengenezea wakimbizi mikate. Tarehe 14 Julai 1960 walishushwa Gombe na hema lao. Marehemu baba yetu alipenda kudai kwamba mishumaa na baadhi ya makopo ya maharage yao vilitoka dukani kwetu. Hatujapata kuiona risiti.

Hapa ndipo masimulizi mengi huruka. Husemwa: alijiamini, akaenda, akagundua. Kati ya kwenda na kugundua ilipita karibu miezi minne, na katika miezi hiyo hakuna kilichokwenda sawa. Sokwe walikimbia kila walipomwona, hata akiwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mama na binti waliugua homa kali ya malaria kwa pamoja, wamelala katika hema moja, hawana nguvu ya kusimama. Fedha walizopewa zilikuwa za miezi sita tu, na kila siku iliyopita bila habari ilikuwa siku iliyokatwa katika akiba. Yeye mwenyewe ameandika kwamba aliogopa fedha zitaisha kabla hajaona lolote, na kwamba atakuwa amemwangusha Leakey. Basi mwulizeni mtu mwenye hofu hiyo kama anajiamini! Angewajibu kwamba hana hakika.

Lakini kila alfajiri alipanda mlima. Hilo ndilo tunalotaka vijana mlisikie kuliko yote. Alipopata nafuu, alipanda peke yake hadi kwenye kilele kimoja ambacho kutoka hapo mabonde huonekana pande zote, akakifanya kituo chake. Aliweka huko sanduku la bati lenye blanketi, birika, kahawa na maharage. Alivaa nguo za rangi ile ile isiyong'aa, akaketi mahali pale pale, hakuwafuata sokwe kwa nguvu, akaandika kila alichokiona hata kilipokuwa kidogo. Jioni alishuka kwa mama yake. Naye mama alikuwa amejenga urafiki na wavuvi wa dagaa waliokuwa wakianika pale ufukweni. Alifungua kibanda cha tiba kwa dawa chache alizokuwa nazo, akawahudumia watu kwa subira. Sisi tunaamini kibanda kile kilichangia sana kazi ya binti yake, maana mgeni anayesafisha kidonda cha jirani huacha kuwa mgeni.

Sokwe mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyempa jina la David Greybeard, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumzoea. Mwishoni mwa Oktoba Jane alimwona akila nyama, jambo ambalo wataalamu hawakulitarajia. Na tarehe 4 Novemba 1960 alimwona ameketi kwenye kichuguu, anaingiza unyasi ndani ya tundu, anautoa ukiwa na mchwa walioung'ang'ania, anawala. Baadaye aliona sokwe wakikichukua kijiti chenye majani, wakiyapukuta majani ili kijiti kifae. Yaani wanatengeneza zana. Wataalamu wa dunia walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomtofautisha mwanadamu na wanyama wote. Unyasi ule ukawalazimu kufikiri upya. Fedha za kuendelea na kazi zikapatikana.

Tangu siku ile, tunadhani, mkopo wa Vanne ulianza kulipwa. Jane alikuwa sasa na kitu chake mwenyewe: daftari lililojaa. Mwaka 1962 alipokwenda Cambridge kusomea shahada ya uzamivu bila ya kuwa na shahada ya kwanza, maprofesa walimwambia amekosea. Sokwe hawapewi majina, hupewa namba, wala haifai kusema kwamba mnyama ana tabia na hisia zake. Hakugombana nao kwa kelele. Alishikilia majina yake. Alikuwa akisema kwamba mwalimu wake wa kwanza katika somo hilo ni mbwa wake wa utotoni, aliyeitwa Rusty. Mtu hubishana na maprofesa kwa ushahidi wa mbwa endapo tu ameviona vitu kwa macho yake na kuviandika kila siku. Miaka miwili kabla, pale Kibirizi, asingethubutu.

Tuseme ukweli mwingine pia, maana tuko mbele ya majirani. Mwaka 1960 nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Binti wa Mwamgongo au wa Ujiji mwenye ndoto ile ile asingempata Leakey wa kumkopesha, wala serikali isingejisumbua kumtafutia mwenzake wa kukaa naye hemani. Akili zilikuwepo na moyo ulikuwepo. Duka la kumkopesha halikuwepo. Kwa hiyo mkisikia mtu akisema maskini hawafiki kwa sababu hawajiamini, mwulizeni kwanza ni nani aliyewaamini.

Ushahidi wa jambo hili uko Gombe kwenyewe. Tangu siku za mwanzo Jane alitembea na watu wa huku, na mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa vijiji vya ziwani walianza kuajiriwa kuwafuata sokwe na kuandika habari zao. Hawakuwa wasomi wakubwa. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 kundi la sokwe wa Kasakela likimshambulia Godi, sokwe wa kundi la Kahama, kwa ukatili ambao wataalamu hawakuujua, na huo ukawa mwanzo wa vita vya makundi hayo vilivyodumu miaka minne. Kisha, usiku mmoja wa Mei 1975, waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia Gombe wakawateka wanafunzi wanne. Wote hatimaye waliachiliwa, lakini wanafunzi wa kigeni hawakuweza tena kukaa pale. Tulikuwa na miaka kumi na mitano. Tunakumbuka minong'ono sokoni na milango iliyofungwa mapema. Wengi walidhani kazi imekwisha. Haikwisha. Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi na wenzao waliendelea kupanda mlima kila alfajiri na kujaza madaftari. Uchunguzi wa Gombe umepita miaka sitini bila kukatika, na haukukatika kwa sababu yao. Jane Goodall alipofariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, dunia nzima ilimlilia, nasi tulimlilia. Majina ya wale wengine hayakutajwa redioni. Tumeona tuyataje hapa.

Sasa tugeukie dukani kwetu, maana tumewasema wakoloni na maprofesa, na haitakuwa haki tusijiseme wenyewe.

Baba yetu alianza upya mara mbili. Mara ya pili, hali ya biashara ilipokuwa mbaya na jamaa zetu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Uingereza na Kanada, mama mmoja wa Kimanyema, mfanyabiashara wa dagaa wa Ujiji, alimkabidhi magunia ya dagaa ayapeleke Tabora kwa treni akauze, fedha zije baadaye. Baba hakuwa na imani yoyote kwamba ataweza. Tulimsikia usiku akimwambia mama yetu. Alikwenda kwa sababu aliona aibu kumwonyesha mama yule kwamba amekosea kumwamini. Aliporudi na fedha, alikuwa mtu mwingine. Ndiyo sababu duka lile lipo.

Watoto wa deni kama hilo tulipaswa kujua. Miaka ya 1980 tulikuwa na kijana aliyebeba mizigo dukani. Aliishia darasa la saba. Siku moja alituomba ruhusa atoke saa kumi jioni badala ya saa kumi na mbili, kwa muda wa miaka miwili, ili asome na kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Alikuwa amekwisha kununua madaftari, alituonyesha. Tulicheka. Tulimwambia mbele ya wateja kwamba gunia halihitaji Kiingereza. Wateja nao wakacheka. Mwisho wa mwezi alichukua mshahara wake, akaaga kwa adabu, hakurudi.

Miaka kumi na kitu baadaye aliingia dukani kununua saruji na mabati ya nyumba. Alikuwa mtumishi wa serikali, amevaa miwani. Tulimtambua kwa sauti. Kwa haya na kwa furaha tulimwambia achukue vyote mali kauli, alipe wakati wowote atakaopenda. Alitushukuru. Kisha alitoa noti zake, akazihesabu juu ya meza polepole, moja moja, mpaka thamani ya bati la mwisho. Alikuwa amekopeshwa na mtu mwingine, mahali pengine. Hatukuuliza ni nani.

Tumelisimulia jambo hilo mbele ya mke wetu mara nyingi, kama jambo la zamani lililokwisha. Mwaka jana likarudi. Binti yetu wa mwisho alimaliza kidato cha sita, akasema anataka kusomea samaki. Tulidhani ana maana ya biashara ya samaki. Hapana, samaki wenyewe, wanavyoishi. Alituambia kwamba ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, linapita mita 1,400 kwenda chini, na kwamba lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote. Tuliishi juu ya ziwa hilo miaka sitini tukijua migebuka, kuhe na dagaa. Tulimwuliza nani ataliangalia duka. Tulimwuliza nani atamwoa mtu anayeshinda ndani ya boti. Akanyamaza, na sura aliyokuwa nayo tulipata kuiona kabla, juu ya madaftari ya kijana yule.

Mke wetu hakusema lolote pale mezani. Usiku alituuliza jambo moja tu: kama binti akichekwa na baba yake, atakwenda kukopa kwa nani?

Tungependa kuwaambia kwamba tulibadilika usiku ule ule. Ilituchukua wiki tano. Hata sasa hatuna hakika kwamba ataweza, na yeye mwenyewe hana hakika. Hesabu za kemia zinamtesa, na juzi alipiga simu kutoka chuoni Dar es Salaam akilia. Hatukumwambia ajiamini. Tulimwuliza ameandika nini leo katika daftari lake, akatusomea, na mazungumzo yalikwenda hadi vocha ikaisha. Tulielewa nusu.

Yuko hapa jioni hii kwa likizo, pale kando ya nguzo, na anatukasirikia kwa kumtaja.

Basi, kamati imekubali pendekezo letu. Jumapili ijayo, baada ya arti ya asubuhi, boti itaondoka Kibirizi kwenda Gombe. Tumelipia nafasi ishirini, nauli na kiingilio cha hifadhi, kwa vijana wa mandir na wa mitaa ya jirani, dini yoyote, wavulana kwa wasichana. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla ya Alhamisi. Binti yetu ndiye atakayewaongoza. Njooni na viatu vya kupandia mlima na nguo zisizong'aa, na kila mmoja aje na daftari jipya. Asiye nalo apitie dukani kwetu, atachukua mali kauli. Wazazi wanaotaka kufuatana na watoto wao wanakaribishwa, lakini wajilipie, na chapati zao waje nazo.